Homa ya porini na slaidi ya malaria

Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba Kenya imeondoa ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya jamii. Rwanda ilitambuliwa hivyo mwaka 2022. Sisi bado tuko njiani, ingawa wagonjwa wanaoripotiwa wamekuwa wachache sana. Ukijumlisha nchi zote za mashariki na kusini mwa Afrika zenye malale ya aina yetu, walioripotiwa mwaka 2021, 2022 na 2023 walikuwa chini ya 100 kwa kila mwaka.

Ukizisoma takwimu hizo ukiwa Dar es Salaam utadhani ugonjwa huu umebaki vitabuni. Ukizisoma ukiwa Kaliua, Urambo au Sikonge, ambako miombo inaanzia pale shamba la tumbaku linapoishia, utajiuliza kitu kingine. Ni wangapi hawakuripotiwa? Mgonjwa aliyemeza mseto mara tatu kwa homa isiyoisha, kisha akafia nyumbani, haingii kwenye jedwali la mtu yeyote.

Wasomaji kadhaa wa mikoa ya magharibi wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Ng'ombe wangu wanaugua nagana, naishi nao, naumwa na mbung'o wale wale, mbona mimi siugui? Ni swali zito kuliko linavyoonekana. Kulijibu kumewachukua watafiti zaidi ya miaka 100, kwa kulinganisha damu ya binadamu, nyani, sokwe na ng'ombe, na mwishoni jeni zao. Jibu hilo linamhusu moja kwa moja mzazi ambaye mtoto wake ana homa leo.

Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Pembe za ndovu zilisafiri mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na sababu mojawapo ya kutotumia farasi au ng'ombe wa kukokota ilikuwa mbung'o. Mnyama aliyeumwa msituni alikonda, akaishiwa nguvu, akafa. Mpagazi aliyeumwa na mbung'o yule yule kwa kawaida aliamka kesho yake akajitwisha mzigo. David Livingstone, aliyekaa Kwihara nje kidogo ya Tabora mwaka 1872, alikuwa ameandika katika jarida la madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1858 habari za kumtibu farasi aliyeumwa na mbung'o kwa aseniki. Ikumbuke aseniki hiyo, nitairudia.

Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran, yule aliyegundua kimelea cha malaria, alionyesha kwamba majimaji ya damu ya binadamu yanaua kimelea cha nagana ndani ya panya. Damu ya nyani nayo ikaonekana ina uwezo huo. Damu ya ng'ombe, mbuzi, mbwa na farasi haina. Kwa hiyo mpagazi alikuwa akiingizwa kimelea kile kile kilichoua ng'ombe, ila damu yake ilikimaliza kabla hajahisi lolote. Ndivyo ilivyo kwako pia unayechunga Ugalla au Moyowosi.

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, tusingekuwa na malale. Mwaka 1910 ilielezwa aina nyingine, iliyotoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, Zambia ya leo. Aina hiyo, tunayoiita rodesiense, haikuuawa na damu ya mtu. Kwenye darubini haina tofauti yoyote na ile ya ng'ombe: umbo lile lile, mkia ule ule, mchezo ule ule katikati ya chembe za damu. Ilienea. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu wengi wa Tabora, Kahama na Kigoma na kuwakusanya kwenye makazi maalumu yaliyofyekwa vichaka, ili kuwaweka mbali na mbung'o.

Sasa fikiria tatizo la daktari wa wakati huo. Anachota damu ya pongo au ya ng'ombe, anaona vimelea. Ni vile visivyodhuru watu, au ni vile vinavyoua? Darubini haimsaidii. Njia pekee ya kujua ilikuwa kumchoma mtu damu hiyo na kungoja. Si maneno ya kutia chumvi. Huko Tinde, mkoani Shinyanga, kuanzia miaka ya 1930 watafiti walipitisha kimelea cha binadamu kutoka mnyama hadi mnyama kwa kutumia mbung'o, kwa zaidi ya miaka kumi, na kila baada ya muda wakakijaribu kwa watu waliojitolea ili kuona kama bado kinaambukiza. Kiliendelea kuambukiza. Mwaka 1958 huko Nyanza, Kenya, ilithibitishwa kwa njia hiyo hiyo kwamba pongo wa porini amebeba malale ya binadamu: damu yake iliingizwa mwilini mwa mtu, akaugua, akatibiwa. Mimi nikisoma taarifa hizo najiuliza waliojitolea walielezwa nini hasa, na kwa lugha gani. Kamati ya maadili ya leo isingepitisha majaribio hayo hata kwa dakika tano.

Ufumbuzi ulikuja kwa kulinganisha ndugu wawili. Watafiti wa Brussels, Ubelgiji, walichukua vimelea vya ukoo mmoja, vingine vinavyostahimili damu ya binadamu na vingine visivyostahimili, wakatazama jeni zipi zinafanya kazi kwa hawa na zimezimwa kwa wale. Hapo nieleze kidogo. Kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Chembe ya ini na chembe ya jicho lako zina jeni zile zile, lakini kila moja inasoma kurasa zake na kuziacha nyingine zimefungwa. Ukitaka kujua kwa nini viumbe wawili wanaofanana wanatofautiana tabia, mara nyingi haitoshi kuuliza wana jeni gani. Inabidi uulize zipi zinasomwa.

Mwaka 1989 walitoa taarifa ya jeni iliyosomwa kwa wale wastahimilivu tu. Waliiita SRA. Mwaka 1998 timu ya Etienne Pays, nayo ya Brussels, ikathibitisha: ukiiingiza jeni hiyo katika kimelea cha kawaida cha ng'ombe, kinapata uwezo wa kuishi katika damu ya mtu. Jeni moja tu.

Kinachonishangaza zaidi ni mahali inapokaa. Kimelea hiki huvaa koti la protini, na kina jeni za makoti hayo kwa maelfu. Mwili wako ukishalitambua koti moja na kuanza kuua, wachache wanabadili koti, na vita vinaanza upya. Ndiyo maana homa ya malale huja na kuondoka, na ndiyo maana hatuna chanjo. Makoti hayo husomwa katika vituo maalumu vipatavyo 15, ila ni kimoja tu kinachofunguliwa kwa wakati mmoja. Watu wa Tabora mnaijua stesheni yenu: reli inagawanyika, moja kwenda Mwanza, moja kwenda Kigoma, na mbele huko Kaliua inagawanyika tena kwenda Mpanda. Njia zote zipo, lakini treni inapita ile iliyofunguliwa. SRA imekaa kwenye kituo kimoja kati ya hivyo. Kikifunguliwa hicho, kimelea kinaishi ndani ya mtu. Kikifungwa, SRA imo lakini imelala, na kimelea kinaendelea na maisha yake ndani ya ng'ombe kama nagana nyingine yoyote, hadi siku kitakapoingia kwa mtu na wale wenye SRA iliyo wazi wabaki hai peke yao.

Maana yake ni kwamba ng'ombe anayeonekana kuwa na nagana tu anaweza kuwa amehifadhi malale ya watu. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Uganda uliotafuta SRA katika damu ya ng'ombe wa Soroti, ambako malale yalilipuka kuanzia mwaka 1998 baada ya mifugo kuingizwa kutoka maeneo yenye ugonjwa. Waliipata. Hakuna mtu aliyechomwa damu ya mnyama safari hii, ilitosha kuipima maabara. Waganda wakaanza mwaka 2006 kampeni ya kutibu ng'ombe kwa wingi kwa lengo la kulinda watu. Mikoa yetu ya magharibi inapokea makundi makubwa ya ng'ombe wanaohama kutafuta malisho, na sioni sababu ya daktari wa mifugo na mganga mkuu wa wilaya kukutana kwenye sherehe za kitaifa tu.

Turudi kwenye damu yetu. Kinachoua kimelea ndani yake kilitambuliwa mwaka 2003: ni protini inayotengenezwa na jeni iitwayo APOL1. Inasafiri ikiwa imepakiwa kwenye lehemu ile mnayoambiwa ni nzuri kwa moyo. Kimelea kinaimeza kikidhani ni chakula, nayo ikifika ndani inatoboa matundu, kimelea kinavimba na kupasuka. SRA ya rodesiense inafanya kazi moja, kuikamata protini hiyo na kuizuia isitoboe.

Watafiti walipowatazama ndugu zetu wa porini walikuta jambo lisilotarajiwa. Sokwe wa Gombe na wa misitu ya Masito na Ugalla ndio walio karibu nasi zaidi kwa damu kuliko mnyama yeyote hapa nchini, lakini sokwe hawana kabisa jeni hiyo. Ilipotea katika ukoo wao. Nyani, ambaye ni ndugu wa mbali zaidi, anayo. Na ya jamii kadhaa za nyani imebadilika kidogo mwishoni, SRA haiwezi kuishika, hivyo damu yao inaua hata rodesiense inayotuua sisi. Mwaka 2009 panya waliopewa jeni ya nyani walionekana kukingwa dhidi ya malale na nagana pia. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) iliyoko Nairobi ikashirikiana na watafiti wa Marekani na Scotland kutafuta namna ya kumpa ng'ombe jeni hiyo, na hatua ya kwanza ilikuwa kuzalisha dume wa Boran kutoka chembe moja ya mwili, wakamwita Tumaini. Tumaini mwenyewe hakuwa na jeni ya nyani, alikuwa jaribio la mbinu. Wapo pia waliolinganisha Boran na N'Dama wa Afrika Magharibi, ng'ombe mdogo anayestahimili nagana, kwa kutazama jeni zipi zinawaka katika ini, bandama na tezi baada ya kuambukizwa. Kazi hizo zote bado ziko mbali na zizi lako. Dawa ya kuogesha mifugo iko karibu zaidi.

Lakini lipo jambo moja katika uchunguzi huu ambalo tayari liko kliniki. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika wana aina mbili zilizobadilika za APOL1, zinazoitwa G1 na G2. Utafiti wa Uganda wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wenye G2 walikuwa na kinga kubwa zaidi dhidi ya malale ya rodesiense. Hata hivyo, anayerithi aina hizi kutoka kwa baba na kwa mama ana hatari kubwa zaidi ya figo kuharibika. Aina hizi ni nyingi zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu, lakini zipo. Tayari nawasikia mnauliza, twende tukapime? Hapana, si lazima. Majibu yake hayatabadilisha unachopaswa kufanya: pima shinikizo la damu, na kama una shinikizo, kisukari, VVU au ndugu mwenye ugonjwa wa figo, omba mkojo wako upimwe protini. Ni kipimo cha bei ndogo, na figo huanza kulalamika kwenye mkojo kabla hujahisi maumivu yoyote.

Sasa homa. Malale ya aina yetu haina subira. Ile ya Kongo na Afrika Magharibi inaweza kukaa mwilini miaka. Yetu humaliza mtu kwa wiki au miezi. Pale mbung'o alipouma huweza kutokea uvimbe mwekundu wenye maumivu, mara nyingine kama jipu lisilotoa usaha. Kisha homa kali, kichwa, viungo, tezi kuvimba. Kimelea kikishaingia kwenye ubongo mtu hubadilika tabia, analala mchana na kukesha usiku, anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba. Hapo ndipo familia nyingi huanza kutafuta aliyemroga, na siku zinazopotea ndizo zilizokuwa za kumwokoa.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kijikasha cha plastiki, kimeokoa maisha mengi na nakiunga mkono. Lakini kinatafuta malaria peke yake. Zamani mtaalamu wa maabara aliyetazama slaidi ya malaria kwa darubini aliweza kukutana na tripanosoma ikichezacheza humo na kupiga kelele. Kijikasha hakipigi kelele. Kitaandika hakuna malaria, na mgonjwa atarudi nyumbani na vidonge vya taifodi. Mbaya zaidi, kinaweza kuonyesha malaria, kwa sababu Tabora mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Wala hakuna kipimo cha haraka cha kuaminika kwa malale ya rodesiense. Vilivyopo ni vya ile aina nyingine. Kwa aina yetu vimelea huwa vingi kwenye damu, na slaidi huviona.

Kwa hiyo unapompeleka mgonjwa zahanati, sema alikokuwa. Usingoje kuulizwa. Alikuwa anarina asali, alikuwa kambi ya uvuvi Ugalla, anachoma mkaa, anachunga karibu na hifadhi, anafyeka njia, aliumwa na mbung'o. Kama kipimo cha malaria ni hasi, au amemaliza dozi ya mseto na homa imerudi, omba damu itazamwe kwa darubini, na wakikosa siku ya kwanza waitazame tena. Kama zahanati haina darubini, omba rufaa. Una haki hiyo, hata kama foleni ni ndefu na mhudumu amechoka. Tabora kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ambacho kimeshughulika na ugonjwa huu kwa miaka mingi.

Na hapa ndipo aseniki ya Livingstone inaporudi. Tangu mwaka 1949 mgonjwa wa malale ya rodesiense iliyofika kwenye ubongo alitibiwa kwa melarsoproli, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Inachoma kwenye mshipa kama pilipili, na huua takriban mmoja kati ya kila 20 wanaopewa. Madaktari tuliitumia kwa sababu bila hiyo wangekufa wote. Habari njema imekuja karibuni. Baada ya majaribio Malawi na Uganda kwa wagonjwa 45, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali feksinidazoli Desemba 2023, na Juni 2024 WHO iliiweka katika mwongozo wake mpya kuwa chaguo la kwanza. Ni vidonge, siku 10, humezwa pamoja na chakula, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Inatumika iwe ugonjwa uko kwenye damu au umefika kwenye ubongo, kwa hiyo si lazima tena kuchota maji ya uti wa mgongo ili kuamua dawa. Haiuzwi dukani. Dawa za malale hutolewa bure na watengenezaji kupitia WHO, kwa hiyo anayekudai pesa ya dawa hiyo anakuibia.

Ila feksinidazoli ni kwa mwenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito wa kilo 20 au zaidi. Mtoto aliye chini ya hapo bado anatibiwa kwa suramini ya mshipani kama kimelea kiko kwenye damu tu, na kama kimefika kwenye ubongo, kwa melarsoproli ile ile. Mtoto unayembeba mgongoni kwenda shamba la msituni ndiye ambaye wiki mbili za kubadilishiwa dawa za malaria zinamgharimu zaidi. Slaidi yake inahitaji tone moja la damu ya kidole, lile lile lililodondoshwa kwenye kijikasha.